Paa Lililoandikwa Kanzura

Nchi ya Kanzura haimo kwenye ramani yoyote, lakini anayeitafuta haikosi. Mtu hutoka kwake kichwa kimeinama, akiwaza alichonacho mwenzake, na akiinua macho huwa ameshafika. Ndivyo alivyofika Sikudhani binti Mfaume asubuhi moja ya kiangazi, akiwa na kanga mbili na kipande cha karatasi alichokikunja mara nne. Kwenye karatasi hiyo alikuwa ameandika maneno mawili tu, kwa mkono wa mtu aliyeacha shule darasa la tano: mitungi miwili.

Mitungi hiyo ilikuwa ya mdogo wake, Tausi.

Ndugu hawa wawili walikaa kijiji cha Mbugari, katika nyumba mbili zilizoegemeana. Mama yao alipofariki aliwaachia mbegu, mahindi meupe ya zamani na kunde nyekundu ambazo hakuna duka linaloziuza tena. Kila mmoja alichukua nusu yake akaiweka ghalani, na kati ya ghala na ghala palikuwa na ukuta mmoja wa udongo. Upande wa Sikudhani fukusi waliingia. Kila asubuhi alitega sikio kwenye gunia akawasikia wakisaga, kisha akatega sikio ukutani, na upande wa Tausi hakusikia kitu. Kimya hicho ndicho kilichomnyima raha. Ya fukusi angeyavumilia.

Siku moja, kupitia dirisha la ghala la mdogo wake, aliiona mitungi. Ilikuwa ya bluu, mipana, imepigwa muhuri wa Kanzura. Nani asiyejua gesi ya Kanzura? Unafunika magunia kwa turubai, unafungua koki, unangoja siku mbili, na fukusi wote wamekufa pamoja na mayai yao.

"Dada, njoo uone nilichofanya," Tausi alimwita kutoka uani.

"Nina kazi," alijibu Sikudhani, na hakwenda. Hakwenda siku hiyo wala siku zilizofuata.

Tausi alikuwa na kila kitu. Tausi ndiye aliyemaliza darasa la saba, kwa kuwa mama alihitaji mikono ya mtu mmoja nyumbani na mikono iliyobaki ilikuwa ya Sikudhani. Tausi ndiye aliyejaliwa mtoto. Mtoto huyo, Mwanamvua, alikuwa na miaka sita na ualbino, na jua la saa nne tu lilitosha kumtoa malengelenge mabegani. Sikudhani alimpenda mno. Yeye ndiye aliyemshonea kofia pana ya kitambaa cha kijani, akaitia kamba ya kufungia kidevuni. Hata alipokuwa akiifunga kamba ile, alimwonea wivu aliyeitwa mama.

Sasa ilibaki miezi miwili mvua inyeshe. Asipopata gesi, nusu yake ya mbegu za mama ingekuwa unga mtupu. Basi akaenda Kanzura.

Jambo la kwanza aliloliona huko ni miavuli. Kila mtu alikuwa na mwavuli wazi, barabarani, sokoni, hata ndani ya nyumba wakati wa kula. Na pamoja na miavuli hiyo yote, kila shingo ilikuwa imebabuka. La pili ni salamu yao. Wakikutana, mmoja huuliza, "Jirani yako amepata nini?" na mwenzake hujibu, "Kunizidi." Kisha wote wawili huonekana wametulia, kama watu waliokwisha kupeana habari njema.

Watu wa Kanzura hawafichi mambo yao. Watamweleza mgeni yeyote kwamba juu ya nchi zote limetandazwa shuka jembamba lisiloonekana, liitwalo Sitara, ambalo huchuja ukali wa jua. Watamweleza pia kwamba gesi ya kuua fukusi hupanda juu ikalila shuka hilo. Hawabishani juu ya hayo. Wameyaweka kwenye vitabu vya shule, na wametia saini mkataba mrefu wa kuilinda Sitara. Ila gesi yenyewe hawakuikataza. Wameiwekea vibali. Kuna kibali cha kuingiza na kibali cha kutoa, kila mtungi na karatasi yake, na wanaamini kwa dhati kwamba kitu kikishakuwa na karatasi, ukali wake hupungua.

Mpakani Sikudhani alikuta mstari mweupe uliochorwa barabarani, na wanaume wengi waliokuwa wakivusha magunia ya mahindi kwenda ng'ambo ya mstari, halafu wakiyarudisha. Mzee mmoja aliyevaa fulana iliyochanika alisimama kupumua. Aliitwa Ngalapa.

"Shikamoo, mzee," alisema Sikudhani kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Jirani yako amepata nini?"

"Mitungi miwili."

"Pole sana. Mimi wangu amepata mitano, mbwa yule."

"Mzee, mbona mnayavusha magunia na kuyarudisha?"

Mzee Ngalapa alimtazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza kwa nini maji yamelowa. "Binti, gesi ya kufukiza mzigo wa safari haihesabiwi. Ndivyo sheria inavyosema. Sasa gunia langu likivuka mstari si limesafiri?"

"Lakini mnayafukizia hapa hapa."

"Yakiwa safarini."

"Na Sitara?"

"Sitara inaliwa kwa gesi iliyohesabiwa," alisema mzee. "Hii yetu haihesabiwi." Akajitwika gunia lake begani, na alipogeuka Sikudhani akaona kisogo chake chote kimekuwa kidonda kimoja.

Ofisi ya Vibali ilikuwa jengo refu lisilo na madirisha ila upande unaotazama jengo la jirani. Ukutani palikuwa na orodha ya migao ya mwaka. Juu kabisa waliandikwa Waliotoboa Zamani, yaani familia zilizotumia gesi nyingi kuliko wote tangu mwanzo, nazo ndizo zilizopewa mitungi mingi zaidi, kwa sababu zina uzoefu. Chini yao wakafuata waliotoboa kiasi. Ambaye hajawahi kutoboa alitakiwa apite dirishani.

Dirishani aliketi karani, mwanamke mnene mwenye mwavuli wa zambarau, Bi Senga. Pembeni yake alisimama kijana mwembamba aliyeitwa Mpima.

"Shida yako?" aliuliza Bi Senga.

"Fukusi, mama. Mbegu za marehemu mama yetu zinaliwa, na mvua—"

"Mwenzangu, hapa hatupokei shida. Shida kila mtu anayo, tutaipimaje? Sema nani amekuzidi."

Sikudhani aliona haya. Alitazama vidole vyake vya miguu. Maishani mwake hakuwahi kuulizwa jambo hilo kwa sauti, na alikuwa na jibu lake tayari tangu utotoni.

"Mdogo wangu," alisema.

Mpima akaruka kwa furaha. "Ndugu! Wivu wa ndugu unahesabiwa mara mbili."

"Kanuni imeandika jirani," alisema Bi Senga. "Ndugu ni mambo ya nyumbani."

"Kama ndugu ni jirani?"

"Tumegawana ukuta," alinong'ona Sikudhani.

Hapo ubishi ukawaka. Bi Senga alishikilia kwamba ukuta ukiwa mmoja, nyumba ni moja, na mtu hawezi kujionea wivu mwenyewe. Mpima akasema yeye ana kaka aliyegawana naye kitanda kwa miaka kumi na miwili, na hajamwonea mtu mwingine yeyote wivu kama huyo. Watu kwenye foleni wakachangia, kila mmoja na ndugu yake. Mwishowe akaitwa Mkuu wa Vibali mwenyewe, Bwana Mtolela, mtu mpole aliyezungumza taratibu kama anayesoma.

"Dada," alimwambia Sikudhani, "ukisikia mdogo wako amefanikiwa, unaumwa wapi?"

Sikudhani akagusa chini ya mbavu, upande wa kushoto.

"Wa jirani huuma kichwani," alisema Bwana Mtolela. "Huu ni wenyewe. Mpime."

Mpima akamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, na Bi Senga akasoma kutoka kwenye fomu aliyoijaza kwa maelezo ya Sikudhani.

"Tausi amemaliza darasa la saba."

Mshipa ukapiga.

"Tausi ana mitungi miwili."

Ukapiga zaidi, na Mpima akatikisa kichwa kwa heshima.

"Tausi ana mtoto."

Mpima akauachia mkono ghafla, akapuliza vidole vyake. "Huyu anastahili mtungi mzima, Mkuu. Ule mkubwa."

Watu wa foleni walimtazama kwa kijicho, na Sikudhani, ambaye hakuna aliyewahi kumtazama hivyo, alihisi mabega yake yakinyooka. Alilipenda jambo hilo, kusema kweli.

Ikabaki sehemu ya mwisho ya fomu. Kanzura wana fahari nayo kuliko zote, maana wanasema nchi nyingine hutoboa Sitara ovyo ovyo na matundu huangukia popote. Kwao, kabla mtungi haujatoka, huandikwa kabisa tundu litakaa juu ya nani. Na kwa nguvu za nchi ile, linalokuwa limeandikwa ndilo linalokuwa.

"Nani abebe tundu?" aliuliza Bi Senga, kalamu mkononi. "Huruhusiwi kujiandika mwenyewe. Kila mtu huandika mwenziwe."

Sikudhani hakufikiri hata kidogo. Aliliona lile ghala, ile mitungi ya bluu, kile kimya upande wa pili wa ukuta. Alidhani pia kwamba Tausi naye, alipokuja hapa, alikwisha kumwandika yeye.

"Andika paa la Tausi wa Mbugari."

Muhuri ukalia. Mpima akauburuta mtungi mkubwa, mpya, unaong'aa, hadi miguuni pake.

"Sasa yale ya kumbukumbu tu," alisema Bi Senga huku akipiga miayo. "Chini ya paa hilo wanakaa wangapi?"

"Wawili. Mama na mtoto."

"Mtoto ana hali gani ya ngozi?"

Sikudhani aliuona uso mdogo chini ya kofia ya kijani. Aliyaona yale malengelenge ya mwaka jana, mtoto alipoisahau kofia kwa muda wa kwenda kisimani na kurudi tu, na jinsi alivyolia alipopakwa dawa. Hilo lilikuwa jua lililochujwa.

"Futa," alisema.

"Nini?"

"Futa jina, mama. Nakuomba. Sitaki tena."

Bi Senga alicheka hadi mwavuli ukatikisika. "Mbugari mna nini nyie? Mwezi uliopita alikuja mwingine wa huko huko, mwembamba, anajua kusoma vizuri. Amepimwa, amefika hapa kwenye nani abebe, akaduwaa. Eti hana wa kumwandika! Nikamwambia, huna adui? Akasema hana. Huna hata ndugu? Akasema anaye dada mmoja tu. Nikamwambia, haya si huyo? Akarudisha kalamu." Bi Senga akafunua daftari, akaugeuzia upande wa Sikudhani ukurasa mmoja.

Sikudhani alifuata mstari kwa kidole, herufi kwa herufi. Jina la mwombaji: Tausi binti Mfaume. Nani abebe tundu: hapakuandikwa kitu.

"Lakini mitungi anayo," alisema. "Nimeiona kwa macho yangu."

"Mitupu. Ile iliyokwisha gesi tunaitupa nyuma ya jengo. Aliiomba, tukampa, tukamcheka hadi getini."

Sikudhani aliomba kibali kifutwe. Bwana Mtolela akaeleza, bila kuudhika, kwamba kibali kikishapigwa muhuri kimetumika, hata kama hakijatumika. Aliomba basi auache mtungi palepale. Hapo Mpima na Bi Senga wakaanza kubishana upya, Mpima akisema mtungi usiofunguliwa hautoboi, na Bi Senga akisema daftari linaonyesha tundu, na mbingu haiwezi kupingana na daftari. Mkuu akawanyamazisha kwa mkono.

"Gesi ikifunguliwa ndipo tundu huja," alisema. "Lakini, dada, mtungi ukibaki hapa tutaufungua wenyewe mwisho wa mwaka. Mgao usiotumika hupunguzwa mwaka unaofuata. Hatuwezi kuwaacha majirani zetu watupite."

"Mtaufungulia wapi?"

"Uani hapa, hewani. Na tundu litakwenda lilikoandikwa."

"Nchi nyingine je, haiwezi kuupokea?"

"Ikileta kibali cha kuingiza, nami nitatoa cha kutoa. Hakuna nchi itakayoomba mtungi wenye jina la paa la mtu mwingine. Wanataka wa kuandika wao."

Basi Sikudhani akautwaa mtungi. Hakuutwaa kwa kuutaka; aliutwaa kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine duniani ambapo usingefunguliwa, ila mikononi mwake. Watu wa foleni waliendelea kumtazama kwa kijicho. Mzee Ngalapa, alipomwona akipita mpakani, alisema, "Umepata mkubwa kunizidi, binti!" na machozi yalimlenga mzee kwa uchungu.

Mbugari alifika jua likiwa kali. Tausi alikuwa uani akipepeta kunde, na Mwanamvua ameketi kwenye kivuli cha ukuta, kofia kichwani, akihesabu mawe.

"Dada!" Tausi akatupa ungo. "Umekwenda Kanzura? Siku zote hizi nakutafuta! Huo umejaa?"

"Umejaa."

"Kwa hiyo umeandika." Tausi alisimama. Aliijua fomu ile. "Umemwandika nani?"

Sikudhani angeweza kutaja jina lolote. Njiani alikuwa amekwisha kulichagua, la mchuuzi mmoja wa mbali. Lakini mtoto aliinua uso akamtabasamia, na lile jina la uongo akaliacha.

"Paa lako," alisema.

Tausi hakupiga kelele. Alimtazama dada yake kama mtu anayesoma maandishi ya mwandiko mbaya.

"Mimi sikukuandika," alisema.

"Najua. Nimeona."

"Nilikuita mara ngapi uje uone? Mitungi yangu haina gesi. Nimeng'oa koki nikaipanua mdomo, nimeweka mbegu ndani, nimewasha kibatari kidogo juu yake, nimefunika, nimeziba kwa nta. Moto unamaliza hewa, fukusi wanakosa pumzi. Hujui ni kazi ya nani hiyo? Ni yako! Ulikuwa unavifanya hivyo vibuyu vya mama. Mimi nikitoka shuleni nawakuta mmekaa mnaziba vibuyu, mnacheka, na mimi sijui mnacheka nini." Akauokota ungo. "Nilikuonea wivu sana siku zile."

Mikono ya Sikudhani iliikumbuka nta, ilivyokuwa moto kidogo kwenye ncha za vidole. Alikuwa amesahau kabisa. Nani angekikumbuka kibuyu, watu wanapozungumza gesi ya Kanzura?

"Usiufungue," alisema Tausi.

"Sitaufungua."

"Hata ukiota kutu."

"Hata ukiota kutu."

Tausi akamshika mtoto mkono, akaingia naye ndani, akafunga mlango. Kwa siku tisa hakumsemesha dada yake.

Siku ya kumi, Sikudhani alipofungua mlango wake asubuhi, alikuta kizingitini mtungi mmoja wa bluu, nta yake haijaguswa. Hakuna aliyesimama nao. Aliibandua nta mdomoni, akachota kiganja kimoja. Mahindi yalikuwa meupe, mazima, makavu, yakinuka kama nyumba ya mama yao zamani. Alilia hapo kizingitini. Halafu, akiwa bado hajafuta machozi, alijikuta akijiuliza kama ule mtungi wa pili, aliobaki nao Tausi, haukuwa umejaa zaidi.

Mvua ilinyesha, wakapanda, wakavuna. Wanasemeshana sasa, ingawa si kama zamani. Mtungi wa Kanzura uko chini ya kitanda cha Sikudhani, umefunikwa na gunia, mbali na moto na mbali na mikono. Kila asubuhi anapiga magoti, anaupaka mafuta pale kutu inapoanza, kisha anaweka sikio kwenye koki na kushika pumzi yake. Fukusi aliwasikiliza kwa hasira. Huu anausikiliza kwa hofu.

Mwanamvua alimkuta hivyo siku moja.

"Mama mkubwa, unasikiliza nini?"

"Nasikiliza kama imelala."

"Nani?"

Sikudhani akainuka, akajifuta magoti. Akaishika ile kofia ya kijani, akaivuta hadi kwenye nyusi za mtoto, akaifunga kamba yake kidevuni mara mbili.

"Ukienda nje," alisema, "usiivue."